Kiinua mgongo na ua wa futi hamsini

Mwezi uliopita nilifunga safari kutoka Mombasa hadi Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay. Alonipeleka ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu. Mzee huyu ni Mjaluo Mwislamu wa huko huko Kendu Bay, mji wenye msikiti mkongwe na Waislamu wa miaka mingi. Amefanya kazi bandarini hapa kwetu zaidi ya miaka 30, amemuoa dada yetu, amezaa naye watoto watano, na sasa amestaafu. Kiinua mgongo kimeingia benki. Alinipigia simu akasema, "Mwanyumba, njoo unisaidie kuangalia kiwanja kabla sijatoa pesa. Mimi nimeshazeeka kwa kuhesabu makontena, lakini ardhi inanitatiza."

Nilikwenda nikidhani kazi ni ya siku mbili. Nilikaa siku tisa, na nimerudi na jambo ambalo naona linawahusu wasomaji wengi wa hapa pwani. Wako mabinti zetu walioolewa huko, wako majirani zetu wa Tudor, Changamwe na Mikindani wanaojiandaa kurudi kwao, na tuko sisi wenyewe tunaonunua viwanja Mtwapa na Ukunda. Jambo lenyewe ni ua. Nyumba ambazo wastaafu wanajengewa au wanajijengea sasa zina sebule nzuri, vigae, dari na vyoo vya ndani. Ukifungua mlango wa nyuma, unakutana na ukuta.

Nyumba tuliyofikia ni ya kakake mwanyumba, boma la zamani. Wajaluo huita boma kama hilo dala. Kuna lango moja la kuingilia, na nyumba ya mke mkubwa imelitazama lango. Karibu na lango ziko nyumba ndogo za vijana wa kiume waliobaleghe, kila moja huitwa simba. Liko ghala la nafaka, liko zizi, na pembeni yako makaburi ya wazee. Katikati ni uwanja mtupu uliofagiwa, na hapo ndipo mambo yote hufanyika: mahindi huanikwa, watoto hucheza, wageni wa matanga huketi, harusi hupigwa. Kwa desturi mtoto wa kiume akishapata mke na watoto, hutoka akaanzisha boma lake mwenyewe. Kwa hiyo dala moja huzaa dala nyingine, na kila moja yataka ardhi.

Siku ya pili tukaenda Rongo, kaunti ya Migori, kuona kiwanja alichotangaziwa. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, ana ramani ndani ya simu. Akatuonyesha mtaa mpya wa nyumba kumi na kitu, nyingi za walimu waliostaafu na watu waliofanya kazi viwanda vya sukari. Nyumba zimepangana kama meno. Akasema, "Wazee, hapa ni pa kupumzika. Hakuna shamba la kulima, hakuna ng'ombe wa kuwachosha." Mwanyumba akamwuliza ukubwa wa kiwanja. Akajibu, "Hamsini kwa mia, kama kawaida."

Nilikuwa nimebeba kamba ya kupimia. Kilikuwa arubaini na sita kwa tisini na mbili. Dalali akacheka, akasema barabara ndiyo iliyokula.

Hapo ndipo nikaanza kuuliza kwa nini ua unafinyika, na majibu niliyoyapata ni manne.

La kwanza ni watu na urithi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 917,170 Migori na 963,794 Homa Bay. Sensa ya 2019 ikahesabu 1,116,436 Migori na 1,131,950 Homa Bay. Ardhi ni ile ile. Babu aliyekuwa na ekari kumi na wana watano aliwaachia ekari mbili kila mmoja. Mwana mwenye ekari mbili na wana wanne, kila mjukuu apata nusu ekari. Mjukuu huyo akishaenda Mombasa miaka 30, akirudi hukuta nusu ekari yake ina mahindi ya binamu, na hati bado ina jina la babu aliyekufa zamani. Kuidai ni kuanza mashauri ya mirathi na pengine kugombana na ndugu. Wengi huona heri wanunue kiwanja mjini, mbali na maneno.

La pili ni miji yenyewe. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, miji ya Migori na Homa Bay ikawa makao makuu ya kaunti. Zikaja ofisi, wafanyakazi na mishahara. Rongo imepata chuo kikuu, na Homa Bay pia imepata chake. Mwenye shamba karibu na mji ameona kwamba chumba cha mwanafunzi chalipa kila mwezi, na mahindi hulipa kwa msimu mvua ikitaka. Bei ya ardhi ikapanda, na ikipanda, mnunuzi mwenye fungu lile lile la pesa hupata kipande kidogo zaidi.

La tatu ni kiinua mgongo. Mstaafu hupata fungu moja kubwa mara moja, halafu hubaki na pensheni ndogo ya kila mwezi. Sheria nayo imemfungulia njia: tangu 2020 mwanachama wa mfuko wa pensheni anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, mradi isizidi shilingi milioni 7. Hiyo ni sheria njema kwa mtu aliyepanga maisha yake yote. Lakini muuzaji naye anajua kwamba mnunuzi wake ana kiasi fulani na hana kingine. Kwa hiyo hupima kipande kinachotoshea pesa hiyo. Mahitaji ya mzee hayamo katika hesabu yake.

La nne ni hesabu ya muuzaji, na hii nataka tuifanye pamoja, kwa kuwa ndiyo iliyonifumbua macho.

Ekari moja ni futi za mraba 43,560. Thumni ya ekari, yaani sehemu moja ya nane, ni futi za mraba 5,445. Kiwanja cha 50 kwa 100 ni futi za mraba 5,000. Watu hukiita thumni, lakini tayari kimepungua futi 445. Sasa muuzaji akikata viwanja 8 vya 50 kwa 100, ametumia futi 40,000 na amebakiwa na 3,560. Barabara ya kuingilia ya upana wa futi 20 kwa urefu wa futi 200 tu yataka futi 4,000. Hazipo. Basi ama barabara itakuwa kichochoro, ama itamegwa kutoka kwa kila kiwanja kilichouzwa. Ndiyo maana kamba yangu ilisoma arubaini na sita.

Akitaka zaidi, muuzaji hukata vya 40 kwa 80. Hivyo ni futi 3,200 kila kimoja, na ekari moja hutoa 12, yaani vinne zaidi ya awali. Wengine wamefika 40 kwa 60, ambayo ni futi 2,400, hata nusu ya thumni haifiki. Weka hapo nyumba ya vyumba vitatu ya futi 30 kwa 40. Utabakiwa na futi 5 kila ubavu, futi 10 mbele na futi 10 nyuma. Katika futi 10 hizo za nyuma weka shimo la choo, tangi la maji na kamba ya nguo. Ua umekwisha.

Sasa mtu atauliza: mzee wa miaka 60 na zaidi ataka ua wa nini? Si ni afadhali kusiwe na pa kufagia? Dalali alisema hivyo, na mimi nilikaribia kumkubali. Aliyenigeuza ni dada yetu, mke wa mwanyumba.

Yeye ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, kama mimi. Sote tulilelewa katika zile nyumba za vyumba sita na ukumbi katikati, na nyuma uani. Uani kulikuwa na jiko, choo, mtungi na mwarobaini. Wanawake walikuwa na uhuru wao pale, mwanamume mgeni hapiti bila hodi. Wengi wetu tulikuwa katika nyumba bila ardhi, yaani kuta zako, kiwanja cha mwenyewe unayemlipa kodi. Maisha yalipokuwa magumu, kila familia ilijenga chumba kimoja uani ili ipangishe, kisha cha pili, kisha cha tatu. Leo nenda Majengo utafute uani. Utapata ujia wa kupitishia ndoo. Alichoniambia dada ni hiki: "Shemeji, sisi tulipoteza ua kidogo kidogo kwa sababu ya shida. Huyu ataka kununua nyumba ambayo tayari haina ua, tena kwa pesa nzuri. Mimi nitakaa wapi mchana kutwa?"

Akanihesabia. Ataka pa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu ndiyo biashara anayoitaka uzeeni: anunue kwa wavuvi, aanike, atume Mombasa. Omena hutaka jua na nafasi. Ataka kuku wasiopungua 20. Ataka sukuma, mchicha na muhogo wa kula, kwa maana pensheni haitoshi kununua mboga kila siku. Ataka mti wa kivuli. Ataka wajukuu wakija Desemba wasicheze barabarani. Na ataka, akifiwa au akioza, watu wapate pa kukaa bila ya kufunga njia ya jirani.

Nilipozitazama kazi hizo nikaona kwamba ua ulikuwa unamlisha mzee, unamfanyia kazi na unamweka pamoja na watu. Ukiuondoa, kila kazi hiyo itatafutiwa pesa: mboga za kununua, eneo la kukodi, hema na uwanja wa kulipia. Pensheni ndiyo itakayolipa.

Liko pia jambo la maji, nalo si la starehe. Mitaa mingi mipya huko haina bomba la maji machafu. Kila nyumba ina shimo lake, na wengi huchimba kisima. Mwongozo wa kimataifa wa Sphere unataka choo na shimo la maji machafu viwe mbali na chanzo cha maji ya chini ya ardhi kwa mita 30 angalau. Futi 100 ni mita 30 na nusu. Maana yake, katika kiwanja cha 50 kwa 100 utaweka choo pembe hii na kisima pembe ile ndipo upate umbali huo, ukidhani umesalimika. Lakini jirani wa nyuma naye amefanya hivyo hivyo, na choo chake kimepakana na kisima chako. Katika 40 kwa 60 huna hata pa kuanzia. Migori na Homa Bay zinakijua kipindupindu. Tena mzee akiharisha si kama kijana.

Halafu kuna suala la maziko. Sisi Waislamu tuna makaburi yetu ya pamoja, na mara nyingi ni ardhi ya wakfu, kwa hiyo kaburi halitegemei ua wa mtu. Kwa majirani wengi wa mwanyumba si hivyo. Mjaluo hutofautisha nyumba na dala. Nyumba unaweza kuwa nayo popote, lakini dala ndipo unapozikwa. Wakenya wa rika langu tulikua tukisikia kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Nairobi Desemba 1986. Mkewe, Wambui, alitaka amzike kwenye shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema huko ni nyumba tu, kwao ni Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufani, na marehemu hakuzikwa hadi Mei 1987, huko Nyalgunga. Mzee mmoja jirani yetu Kendu Bay, mwalimu mstaafu, aliniambia kwamba amejenga mjini nyumba ya 40 kwa 80 na bado anahudumia kibanda kijijini kwa sababu hiyo. Analipa mara mbili: pa kuishi na pa kuzikwa.

Kwetu Waislamu swali gumu ni la mjane. Mume akifariki na ameacha watoto, mke hupata thumni ya mali baada ya deni na wasia kutolewa. Thumni ya futi 5,000 ni futi 625, yaani mraba wa 25 kwa 25. Thumni ya futi 2,400 ni futi 300, mfano wa chumba kikubwa kimoja. Sheria ya Mungu haina kasoro. Kasoro ni yetu sisi tunaogawa kitu ambacho hakigawiki. Boma kubwa likirithiwa, mjane hupata kipande na bado ana mlango wake. Kiwanja kidogo kikirithiwa na watoto watano na mama yao, kitu kinachowezekana mara nyingi ni kuuza. Mama huhama akiwa na miaka 65. Nimemwambia mwanyumba mbele ya mkewe: kama wataka mkeo abaki pale, mkatie fungu lake kwa hiba ukiwa hai na mzima, umkabidhi, na hati iandikwe. Hiba iliyokamilika haiingii katika mirathi. Mwende kwa Kadhi awaelekeze kabla ya kununua, msingoje matanga.

Nisieleweke kwamba kila ua mdogo ni balaa. Lamu yetu, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una nyumba zilizobanana kuliko Rongo mara nyingi. Watu wameishi humo karne nyingi wakaoleana, wakazeeka, wakafa kwa heshima. Tofauti ni kwamba waliozijenga walijua kila kazi ya ua imehamia wapi. Mwanga na hewa viliwekwa ndani, kwenye kiwanda cha nyumba. Mazungumzo yaliwekwa mlangoni, kwenye daka na baraza. Mikusanyiko ilikwenda msikitini na kwenye uwanja mbele ya ngome. Wafu walikuwa na makaburi nje ya mji, na mashamba yalikuwa upande wa pili. Kilichopunguzwa kwa mtu mmoja kilirudishwa kwa mtaa mzima. Huko Rongo nilikoonyeshwa, kilichopunguzwa kwa mstaafu kimeuzwa kwa mstaafu mwingine. Uwanja wa mtaa hakuna, kisima cha pamoja hakuna, hata pa gari kugeuka hakuna.

Basi nikiulizwa na mzee yeyote, awe aenda Migori au abaki Kilifi, namwambia ayatazame mambo haya kabla pesa haijatoka.

Pima mwenyewe kwa kamba, jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka. Usinunue maneno "hamsini kwa mia".

Uliza barabara iko wapi kwenye ramani ya mgawanyo, na ina upana gani. Ramani iwe imepita kwa mpimaji na kuidhinishwa na kaunti, kwa maana Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 yataka kibali cha kaunti kwa kugawanya ardhi. Na ikiwa bado ni ardhi ya kilimo katika eneo la Bodi ya Ardhi, ridhaa ya bodi ni lazima, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu kuandikiana. Bila ridhaa hiyo, mapatano yenu hayana nguvu.

Tafuta hati katika masjala ya ardhi uone jina la nani limo. Likiwa la marehemu, ngoja mirathi imalizike.

Punguza nyumba kabla ya kupunguza ua. Wazee wawili hawahitaji vyumba vinne. Nyumba ya futi 900 badala ya 1,200 yakurudishia futi 300, na hizo ni kuku na mboga.

Vuna maji ya paa. Paa la futi 1,200, likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu, hutoa lita 1,000 na zaidi. Kwa mipangilio hiyo huenda usihitaji kisima kilicho jirani na choo cha mtu.

Na mkiweza, nunueni pamoja. Watu sita wanaojuana wakinunua ekari moja, kila mmoja achukue 50 kwa 100, mnabakiwa na futi 13,560. Zitoshe barabara ya kweli na uwanja wa pamoja wenye kisima, kivuli na pa kuweka hema. Sehemu hiyo ya pamoja iandikwe kwa majina yenu wote au iwekwe wakfu, isije ikauzwa mmoja wenu akifa.

Hili la mwisho ndilo mwanyumba alilolishika. Amewapata wenzake watatu aliofanya nao kazi bandarini, wawili wa Karachuonyo na mmoja wa Rangwe. Wanatafuta wawili zaidi, na wanatafuta ekari karibu na Kendu Bay, ambako msikiti uko na makaburi yako. Huenda wakapata, huenda wakakosa, maana kila mmoja ana watoto wanaozitazama pesa zile zile.

Dalali wa Rongo bado anampigia simu kila Ijumaa baada ya swala, akimwambia viwanja vimebaki viwili tu. Mwanyumba humjibu kwamba anangoja ramani yenye barabara. Ramani haijafika. Dada yetu, kwa upande wake, ameshanunua nyavu mbili za kuanikia omena, amezikunja, amezitia chini ya kitanda.